Macho ya Tulinagwe, Saini ya Isaka

Ukitaka kumwona Tulinagwe akigeuka pilipili, mwambie ana kinyaa. Waliomjua hawakuthubutu. Mwanamke huyu alikuwa ameosha vikopo vya makohozi, amefungua viberiti ambamo wagonjwa huletea choo kila asubuhi isipokuwa Jumapili, ameshika damu za watu wa milima ya Undali na mabonde ya Momba, hata akisonga ugali mikono yake ikinuka dawa. Halafu serikali, kwa karatasi yenye mhuri, ikaandika kwamba ana kinyaa. Hasira ya jambo hilo ilikaa naye miaka sita, na anayesimulia haya haoni sababu ya kuipunguza makali.

Alizaliwa Undali, akaolewa huko huko na Yonasi, mwana wa mzee Andongwisye. Mwaka 1946 Yonasi alivuka mpaka pale Tunduma, akaenda kufanya kazi kwenye migodi ya shaba. Alituma barua mbili, kisha kimya. Tulinagwe akambeba mgongoni binti yake Enesi, akateremka hadi misheni ya Mbozi kutafuta kibarua. Sista Magda, muuguzi wa Kizungu aliyeiendesha hospitali ya misheni, akampa kazi ya kuosha vioo, vile vipande vyembamba ambavyo damu hupakwa ili ichunguzwe kwa hadubini.

Kazi yake ilikuwa kuosha, si kuangalia. Wa kuangalia alikuwa Isaka, mpimaji wa hospitali, mtu mwema, mwimba besi katika kwaya ya kanisa, mwenye hati nzuri ya mkono. Lakini yeye na hadubini hawakuelewana kamwe. Mayai ya minyoo ya safura aliyajua, maana ni makubwa na kila mtu alikuwa nayo. Malaria aliiona ikiwa nyingi. Zaidi ya hapo alikuwa akikunja uso, akizungusha kile kigurudumu cha pembeni mbele na nyuma, kisha akiandika “safi” kwa ile hati yake nzuri.

Siku moja Isaka alitoka kidogo, naye Tulinagwe akainamia hadubini aone hicho kinachomkunjisha mwenzake uso. Akaona. Hakuna miujiza hapo. Mtoto wa Kindali aliyekuzwa akichambua ulezi, akitoa punje ya mchanga katikati ya punje za ulezi zinazolingana nayo rangi na ukubwa, macho yake yamekwisha kwenda shule. Alichohitaji ni kuambiwa majina. Sista Magda akamwambia majina, na baada ya mwaka mmoja hakuna kioo kilichotoka chumba kile bila Tulinagwe kukipitia.

Mwanzoni mwa mwaka 1951 ukaja waraka. Vijana waliopita Tunduma kwenda migodini walitakiwa kuwa na karatasi ya hospitali kwamba damu na choo chao havina ugonjwa, na kulikuwa na matapeli waliouza karatasi hizo kwa kuku mmoja, bila kupima hata mate. Serikali ikaamuru: kila chumba cha vipimo kikaguliwe, na kila jibu litiwe saini na mtu aliyefanya mtihani na kupewa cheti. Pasipo saini ya mwenye cheti, dawa za bohari ya serikali hazitatolewa.

Kanuni yenyewe haikuwa mbaya. Tulinagwe mwenyewe aliipigia makofi. “Asiyejua kupima asipime,” alisema. Sista Magda akapeleka majina mawili, la Isaka na la Tulinagwe, na toka siku hiyo mwanamke yule hakulala sawasawa. Alikitaka kile cheti. Miaka minne alikuwa akiona, na wagonjwa wakimshukuru mwingine. Alitaka jina lake liandikwe chini ya kile alichokiona yeye, basi.

Mtahini alikuja mwezi wa Juni, daktari wa serikali, mrefu, mpole wa sauti, hajamaliza mwaka nchini na Kiswahili chake hakijavuka “jambo”. Alifuatana na karani mkalimani aitwaye Lusubilo, Mnyakyusa wa Tukuyu, kaptula imenyooshwa kwa pasi mpaka ingeweza kusimama peke yake. Tulinagwe alipomwona Lusubilo moyo ulitulia. Wandali na Wanyakyusa ni majirani. Lugha zao zinasikilizana, na desturi zao ni zile zile. Sista Magda aliamriwa akae nje ili asiwasaidie watahiniwa.

Sasa, siku nne kabla ya hapo, mzee Andongwisye alikuwa ameletwa kwa machela kutoka milimani, macho meupe kwa upungufu wa damu. Na kwa Wandali, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Mwanamke hapiti njia aliyosimama mzee, hakai nyumba aliyomo, halitamki jina lake, na kama bahati mbaya itawakutanisha, mwanamke hujifunika uso na kugeukia kando mpaka mzee apite. Wachungaji walihubiri sana juu ya jambo hili. Watu waliitikia amina, kisha mkamwana akaendelea kupita nyuma ya nyumba. Kwa hiyo siku zile nne Tulinagwe alikuwa akizunguka kupitia jikoni asikaribie wodi ya wanaume, na kiberiti cha mzee, ambamo choo chake kililetwa kila asubuhi, kilipokewa na Isaka. Hakuna aliyeona ajabu. Ndivyo watu wanavyoishi.

Mtihani ulianza. Damu: Tulinagwe akaiona malaria kabla mtahini hajamaliza kufunga saa yake ya mkononi. Makohozi: akakionyesha kifua kikuu, vijiti vyekundu vitatu tu katika kioo kizima, mpaka Mzungu akasema neno la Kiingereza ambalo hata asiyejua lugha angejua ni sifa. Kilichobaki kilikuwa choo. Mtahini akaenda kwenye sinia la viberiti, akachukua kimoja bila kuchagua, akakiweka mbele yake.

Juu yake palibandikwa karatasi: wodi ya wanaume, kitanda cha tano, Andongwisye.

Tulinagwe aliruka kutoka kwenye kigoda. Akavuta kitambaa cha kichwani, akafunika uso, pua na yote, akageukia ukutani. Akasema kwa lugha yake, kwa haraka, akimwelekea karani: “Bwana Karani, hiki ni cha baba mkwe wangu. Mwambie anipe kingine. Anipe hata kumi, nitavipima vyote. Hiki hapana.”

Lusubilo alielewa. Hebu tusimtafutie udhuru: alielewa kila neno. Mkewe mwenyewe, huko Tukuyu, alikuwa akijitupa kwenye migomba kila baba mkwe wake alipotokea njiani. Lakini alimtazama Mzungu, akatazama viatu vyake mwenyewe vinavyong'aa. Aseme nini? Kwamba watu wa kwao, wabatizwa, bado wanakimbia wakwe? Aonekane naye mshenzi?

“Anasema nini?” mtahini akauliza.

“Anaona kinyaa, Bwana,” akajibu Lusubilo.

Na kweli, kwa asiyejua, mwanamke aliyefunika pua na kugeukia ukuta mbele ya choo ataonekanaje? Mtahini alitikisa kichwa kwa masikitiko. Alisubiri dakika tano nzima, tumpe haki yake, kisha akaandika. Kanuni ilisema atakayekataa kugusa kipimo hafai, hata kama vingine vyote amevipata. Kiberiti akapewa Isaka. Mayai ya safura yalikuwa mengi mpaka yanasukumana. Hakukuwa na kioo rahisi kuliko hicho katika Mbozi yote, na Tulinagwe angeyatambua amefumba jicho moja. Isaka akayaona. Kifua kikuu hakukiona, lakini mawili kati ya matatu yalitosha.

Barua ilipokuja, Sista Magda aliisoma kwa sauti, akiitafsiri polepole: “Mwanamke ana ujuzi wa kutosha, ila ana kinyaa na uchafu wa mwili wa binadamu. Hafai kwa kazi hii.”

“Soma tena,” alisema Tulinagwe.

Sista akasoma tena.

“Kinyaa? Mimi?” Alitazama mikono yake, kucha zilizoliwa na dawa. “Nani amesema kinyaa? Mimi nilisema baba mkwe!” Hapo ndipo Sista Magda alipofahamu, na yeye pia akawaka, akaandika barua ndefu kwenda serikalini. Jibu lilikuwa mistari miwili: matokeo ya mtihani hayabadilishwi. Kikulacho ki nguoni mwako. Mzungu alikosea kwa kutojua, lakini yule wa Tukuyu alikosea huku akijua, na hasira ya Tulinagwe ilijua pa kukaa.

Mzee Andongwisye alipewa dawa ya safura, akapona, akarudi milimani kwa miguu yake. Alikuwa amesikia habari nzima. Akamtuma mkewe alete kuku mnono, shukrani kwa mkamwana aliyeilinda heshima yake mbele ya serikali. Tulinagwe alimpokea kuku kwa mikono miwili, akasema “ndaga”, asante ya kwao, kama ipasavyo, akamchinja, akampika. Binti yake Enesi alikumbuka miaka mingi baadaye namna mama alivyomla yule kuku akivunja mifupa kwa nguvu kupita haja.

Basi wakaanza maisha mapya. Tulinagwe anaangalia, Isaka anaandika.

“Safura.”

“Safura,” Isaka anaandika, anatia saini.

“Kifua kikuu, vijiti vinne.”

“Kifua kikuu,” anaandika, anatia saini.

Asidhaniwe vibaya, Isaka alikuwa akiona haya. Kila Krismasi alimletea sukari na kanga, naye Tulinagwe alivichukua, maana sukari haina kosa. Lakini mwaka 1954 Tulinagwe alipogundua kifua kikuu cha mwalimu wa shule, mapema kabla hakijawaambukiza watoto, shukrani ilitolewa kanisani, na jina lililotajwa likawa la Isaka. Isaka alisimama kwenye benchi la kwaya akainama. Tulinagwe alikuwa benchi la tatu upande wa wanawake. Waliokaa naye wanasema alikuwa akisaga meno wakati wa sala.

Halafu ikaja barua ya pongezi: chumba cha vipimo cha misheni kinatoa majibu sahihi kuliko vyote vya jimbo. Isaka alivikwa kilemba cha ukoka, na alijua ni ukoka, akaifungia barua ndani ya Biblia yake asiione. Siku ile Tulinagwe alijiapia. Siku wakaguzi watakaporudi, atakaa kimya. Asiyeona aonekane kwamba haoni. Mwenye macho haambiwi tazama, na asiye nayo, acha serikali imtazame.

Walirudi Julai 1957. Mkaguzi alikuwa mwingine, kijana wa nywele nyekundu. Mkalimani alikuwa yule yule. Lusubilo sasa alivaa suruali ndefu na tumbo lilikuwa limemtangulia. Alipomwona Tulinagwe pembeni na ndoo yake ya vioo, alikumbuka jambo, akatazama dirishani.

Asubuhi ile alikuwa ameletwa mwanamke aitwaye Roda, mtu wa Ivuna. Homa ilikuwa imemjia, ikamwacha, ikamrudia mara ya tatu. Tulinagwe alikuwa amepaka damu yake kwenye kioo, amekitia rangi, na kabla wageni hawajaingia alikuwa amekwisha kukitazama. Alijua kilichomo. Mkaguzi akasema ataanza na hicho, akamwambia Isaka akae mbele ya hadubini na aseme anachoona. Safari hii Sista Magda aliruhusiwa kusimama mlangoni.

Isaka akainama. Akazungusha mbele, akazungusha nyuma. Jasho likamtoka. Akainua kichwa, akamtazama Tulinagwe kwa macho ya mtu aliye majini, naye Tulinagwe akatazama ndoo yake. Miaka sita! Si alijiapia?

“Safi,” Isaka akasema mwishowe. “Hakuna kitu.”

Mkaguzi akaanza kuandika. Tulinagwe alisikia kalamu ikikwaruza “safi” karatasini, na nyuma ya ukuta akamsikia Roda akiguna kwa maumivu. “Safi” maana yake hakuna sindano. Alimchukia Isaka, alimchukia karani, aliichukia ile kalamu, na zaidi ya wote alijichukia mwenyewe kwa kuwa hata kulipa kisasi kimoja kidogo hakuachiwa nafasi.

“Papasi!” alisema, na sauti ikatoka kali mpaka wageni wakashtuka. “Ana homa ya papasi, ile ya kuumwa na kupe. Vijidudu viko viwili upande wa kushoto, vimejikunja kama uzi uliofumuliwa. Mwambie aangalie.”

Mkaguzi aliangalia, muda mrefu. Alipoinuka uso ulikuwa umebadilika. Sista Magda hakungoja tafsiri. Alimwita muuguzi wake Ruti kupitia dirishani, akamwambia aandae sindano ya Roda mara moja.

“Mama huyu ni nani?” mkaguzi akauliza.

“Mwosha vioo, Bwana,” Lusubilo akajibu.

“Kwa nini hana cheti?”

Lusubilo akaanza kupangapanga karatasi zake. Sista Magda akasema kwa Kiswahili, taratibu, “Bwana Lusubilo, Kiingereza nasikia.”

Tulinagwe akaweka ndoo chini. Akasogea mpaka mbele ya karani. “Mwambie,” alisema. “Mwambie ile siku mimi nilikuambia nini, na wewe ukamwambia mwenzake nini. Yote mawili. Usiache kitu.”

Lusubilo akasema. Alisema kwa sauti ya chini na kwa maneno machache, lakini alisema, maana Sista alikuwa akimtazama mdomoni. Alipomaliza akaongeza kwa Kiswahili, bila kumwelekea mtu, “Niliona aibu.”

“Aibu yako mimi nimeivaa miaka sita,” Tulinagwe akamjibu.

Mkaguzi alikuna kidevu. Akauliza kama leo akipewa kiberiti kama kile atakipima. Kanuni ni kwamba mpimaji hachagui mgonjwa.

“Hapana,” alisema Tulinagwe. “Nitapima cha watu wote wa Mbozi, na wa Momba, na wa Undali. Cha mzee mmoja hapana. Huyo Isaka atampima.”

Mkaguzi akasema, kwa upole wa kuudhi, kwamba anasikitika, kanuni haina nafasi kwa ajili ya mzee mmoja.

“Basi mwulize hivi. Yeye ana mke? Mama wa mkewe akiugua, atampima yeye?”

Lusubilo akatafsiri. Mkaguzi akatabasamu kama anayemfundisha mtoto, akajibu mara moja, kifua mbele. Hapana, alisema, hata kidogo. Kwao daktari hamtibu mtu wa nyumba yake. Humwita daktari mwingine. Ni kanuni ya kazi, tena ya zamani sana. Lusubilo alitafsiri mpaka hapo, sauti ikafifia, na sasa hata mkaguzi alikuwa amesikia alichokisema.

“Kumbe mnayo,” alisema Tulinagwe. “Mnayo ninyi wenyewe! Ila yenu inaitwa kanuni, na yangu ikaandikwa kinyaa.”

Hilo Lusubilo alilitafsiri lote, na safari hii hakuhitajika mtu wa kumtazama mdomoni. Kijana yule akawa mwekundu kuliko nywele zake. Hakuomba msamaha, hao hawakufundishwa. Lakini alivua koti, akamkalisha Tulinagwe kwenye kigoda, akampa vioo tisa na viberiti vitano, na alasiri yote akamfuata nyuma akitafuta kosa. Hakulipata.

Cheti kilifika Novemba. Sista Magda alikuwa ameandaa fremu kabisa. Akasoma kwamba kuanzia tarehe kumi na tisa Julai 1957, Tulinagwe wa misheni ya Mbozi anatambuliwa na serikali kuwa anaweza kuchunguza damu, makohozi na choo na kutia saini.

“Kuanzia Julai?” aliuliza Tulinagwe. “Na hao wote niliowaona kabla ya Julai, niliwaona kwa nini? Kwa magoti?”

Wote walitegemea angecheka, au angelia kwa furaha, wakaimba wimbo, wakanywa chai. Yeye alikwenda kabatini akatoa madaftari ya majibu, kuanzia lile la mwaka 1951. Akaketi, akachovya kalamu, na kando ya saini ya kwanza ya Isaka akaandika jina lake. Akashuka mstari wa pili. Akaandika tena, akikandamiza mpaka karatasi inapasuka.

“Tulinagwe,” Sista Magda akasema, “hiyo si halali. Cheti hakirudi nyuma.”

“Kama si halali, wataniandikia barua. Barua zao nimezizoea.”

Sista akaondoka na fremu yake. Isaka akabaki mlangoni. Baadaye akavuta kiti, akaketi karibu naye, akaanza kumsomea majina ya wagonjwa mmoja mmoja ili kazi iende upesi. Walifika kwa mzee mmoja wa Vwawa, safura, Agosti 1951, na Isaka akaweka kidole pale.

“Hili langu,” alisema. “Siku ile ulikuwa umekwenda msibani.”

Tulinagwe akakumbuka, akaliruka lile, akaendelea na la chini yake. Ilikuwa hasira, lakini haikuwa wizi. Waliifanya kazi ile kila jioni baada ya wagonjwa kuisha, kwa muda wa wiki mbili, yeye akiandika na Isaka akisoma. Walipofunga daftari la mwisho, la mwaka 1957, Isaka alikuwa amesema “hili langu” mara kumi na moja.